Mbio za Karatasi Kwenye Pori la Ikolo

Jumamosi makarani na walimu wa chama cha mbio walikimbia porini upande wa Ikolo, wakifuata vipande vya karatasi alivyotangulia kuvidondosha mwenzao, nami nikawafuata kwa mbali, mtoto mgongoni, maana tangu yule nesi wa misheni ajiunge nao, mume wangu, mwalimu wa misheni hiyohiyo, anaogea sabuni ya kunukia hata akienda kutoka jasho.

Nikawakuta wamepumzika vichakani, wanacheka. Mara akatokea baba mkwe wangu na ng'ombe wake, mzee mwenye mtoto mmoja tu wa kiume. Kwetu mke hamtazami baba wa mumewe, hata njiani, basi nikajitupa nyasini, kanga usoni. Nachungulia, naona nesi naye kajitupa, kajifunika kitambaa!

"Nesi, umeona nyoka?" wenzake wakamtania.

"Twendeni, jamani, karatasi ziko huku!" mume wangu akapaza sauti, hamtazami mtu.

Mzee akakohoa, akageuza ng'ombe, akapita mbali, kama anavyonikwepa mimi. Kumbe alijua!

Walipoondoka mtoto akalia, nesi akaniona. Akapiga goti.

"Shikamoo, dada mkubwa," akanong'ona. "Nakuomba, misheni wakisikia tutafukuzwa kazi, mimi naye."

Shikamoo hiyo sikuiitikia. Nilitaka kupiga kelele hadi mpakani Njisi wasikie, lakini mshahara wa mwalimu ndio uji wa mwanangu, kwa hiyo nimewaambia ninyi wasomaji tu, bila majina, na mtu mwingine simwambii.