Ukurasa Mweupe Ulioniuliza: Hai ama Marehemu?

Silibwet nzima, mwanamke wa kwanza kutumia interneti ni mimi.

Sawa, nilibonyeza mara moja tu. Na mkono ulikuwa umeshikwa na mtu mwingine.

Lakini hiyo mara moja! Wacha niwaambie.

Ilikuwa 1999. Mume wangu Kiplimo alipeleka lori Kongo, vita ikamkuta huko. Miezi tisa, hakuna barua, hakuna simu.

Siku moja ndugu yake Benard akaingia kwangu bila hodi.

"Shemeji, pole. Nimeona jina la Kiplimo kwa kompyuta, huko Kericho. Ni marehemu. Jumamosi unyolewe."

Kwetu mjane akishanyolewa, mambo kwisha. Mume amezikwa hata kama mwili hakuna.

Na shamba letu la chai limepakana na la Benard. Wembe alikuwa ameshanunua.

"Nywele ni zangu," nikamwambia. "Nataka kuona hilo jina kwanza."

Ijumaa tukaenda, yeye nyuma yangu kama kivuli. Ilikuwa ofisi ya watu wa kutafuta waliopotea vitani. Mwenye kompyuta alikuwa dada wa kutoka ziwani, Akello.

Akaandika Kiplimo. Ukurasa ukafunguka mweupe. Hakuna hata jina.

"Hakuna mtu?" nikauliza.

"Wako, mama. Wamefichwa. Haikuonyeshi mpaka uchague: hai, ama marehemu."

Nikarudisha mkono mbio. Kumwita mtu marehemu na bado anapumua ni kumchimbia kaburi. Na nikichagua hai, nimkose?

Mvua ya saa nane ikaanza kupiga mabati. Chumba kikawa giza, ikabaki ile nyeupe tu, inatuangalia.

"Bonyeza marehemu twende," Benard akaninong'onezea sikioni. "Wazee wanangoja."

Sikunyosha mkono mpaka Akello akaushika.

"Mama, gani?"

"Hai."

Tukabonyeza. Ikakaa. Ikakaa. Hata kuomba nilisahau.

Mstari mmoja ukatoka. Akello akanisomea polepole: Kiplimo, dereva, wa Silibwet. Amevunjika mguu. Yuko kambini, Zambia.

Nilipiga nduru mpaka mlinzi akaingia na rungu.

Somo nawapa sasa hivi, kwa sababu huko mwisho nitakuwa nacheka: mtu akisema amekusomea habari mbaya, mwambie asome tena ukiwa hapo.

Nikamgeukia Benard. "Wewe ulibonyeza gani ukaona marehemu?"

Akapangusa uso. "Mimi? Nimchagulie ndugu yangu kifo? Mungu apishe mbali! Sikugusa kitu."

"Na jina uliona wapi?"

"Ilifunguka tu, shemeji. Majina yamejaa mpaka chini. Ya kwake ya tatu."

Akello akaacha alichokuwa anaandika.

"Yamejaa? Bila kuchagua?"

"Kabisa!"

Akello akavuta kibodi. Akaandika Kiplimo upya, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Nyeupe, kama maziwa.

"Haya, omera, ndugu yangu," akamwambia. "Nisomee hiyo ya tatu."