Kipete Cheusi cha Gari la Baba

Mama alijifunza kuendesha gari akiwa tayari na wajukuu, mwaka uliofuata kifo cha baba. Shule ya udereva ilimfundisha kwenye kigari kipya ambacho gia zake ziko katikati ya viti. Gari lililokuwa likimsubiri nyumbani Nkuhungu lilikuwa la baba: refu, rangi ya maziwa, lenye umri mkubwa kuliko wangu, na mkono wa gia umechomoza pembeni ya usukani. Alilitaka kwa jambo moja tu. Alikuwa akiuza mchele soko la Majengo, na alitaka kuufuata mwenyewe Bahi, kwa wakulima wenyewe, bila kungoja gari la mtu.

Gia ya tatu ikamkatalia. Kila alipoitafuta, mkono ulienda kokote, gari likaunguruma bila kuvuta, na bodaboda waliokuwa nyuma wakampigia honi. Mjomba, mdogo wake, alikaa naye siku moja, na hukumu yake ikatoka kabla hawajafika kwenye lami.

"Dada, gari halina kosa. Gia za usukani zinataka mkono uliozoea. Niachie mimi, nitakufuatia huo mchele."

"Mbona ya kwanza na ya pili zinaingia?" nikamuuliza mjomba. "Mkono usiozoea unachagua namba?"

"Haya, msomi wetu ameamka," akasema, akaomba chai.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, niko nyumbani natafuta kazi, na nina tabia ambayo mama huiita ugonjwa: siamini jambo kwa sababu tu aliyelisema ana sauti nene. Lakini mama hakuwa na ugonjwa huo. Alijitetea wiki kadhaa, kisha akachoka. Wakakubaliana kwamba Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, mjomba aje kuchukua ufunguo. Tangu siku hiyo mama akaacha kuzungumza habari za Bahi.

Katikati ya wiki alirudi sokoni akasema kuna kitu kinagonga chini ya gari kila akipita tuta. Nikafungua boneti. Chini ya injini kuna bati la kuzuia mawe, na juu ya bati hilo, kwenye vumbi na majani makavu, nikaokota kipete cheusi, kinene, kipana kama kidole gumba, upande mmoja umelika.

Nikakipeleka gereji ya jirani. Fundi aliitikia shikamoo yangu huku mikono yake ikiwa ndani ya gari la mtu mwingine, akakitazama kwenye kiganja changu bila kukigusa.

"Gari linawaka?"

"Linawaka."

"Linatembea?"

"Linatembea."

"Basi unakitakia nini? Gari zee ni kama mzee, dada. Jino likitoka, ugali unaliwa vilevile."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Mjomba alipoambiwa kwa simu hakucheka. "Limeanza kung'oka vyuma," alisema. "Hilo sasa linataka mwanamume." Kwa fundi kipete kilionyesha kwamba gari ni zima, kwa mjomba kilionyesha kwamba mama aliachie. Kila mtu alikisomea alichokitaka. Ikabidi nijitazame na mimi, maana nilitamani sana kiwe ndicho sababu ya gia ya tatu, na jibu unalolitamani ndilo la kulitilia shaka kwanza.

Nikakiosha kwa mafuta ya taa. Grisi ikatoka, weusi ukabaki. Nikakipima mkononi: chepesi mno kuwa chuma. Nikakikwangua kwa kisu cha jikoni nikitegemea plastiki ngumu, kikatoa unga wa kahawia. Kilikuwa mti. Nadhani mpingo.

Hapo swali likabadilika. Hakuna kiwanda kilichokitengeneza, kwa hiyo hata mwenye duka la spea asingekitambua. Mtu alikichonga kikae mahali ambapo mti unaweza kuishi: mbali na moto wa injini, mbali na magurudumu, kwenye kitu kinachozunguka polepole. Nikamwomba mama akae kwenye usukani, akanyage klachi, ahangaike na gia, mimi nikachungulia kutoka kwenye boneti. Pale fimbo inayoshuka kutoka kwenye usukani inapoungana na ile inayokwenda kwenye gia, palikuwa na tundu pana lenye pini nyembamba. Mama akizungusha mkono, pini ilicheza kwanza ndani ya tundu, kisha ndipo ikavuta, tena nusu nusu: ya kwanza na ya pili ilizifikia, ya tatu ikaishia njiani. Nikapachika kipete kati ya pini na tundu. Kikaingia, kikadondoka tena.

"Mama, nguvu yako inapotelea hapa. Si wewe."

Alishuka, akaja kutazama, akakiokota kipete.

"Ni baba aliyekichonga?" nikauliza.

"Baba yako? Hakuwahi kuchonga hata kijiti cha meno." Akakigeuza kipete vidoleni. "Kimesinyaa. Gari limekaa juani tangu alipoanza kuugua. Jembe likilegea kwenye mpini, unafanyaje?"

"Unanunua jingine."

"Chuo gani hicho! Unaliloweka."

Kwao Bahi, mvua zikikaribia, majembe hukaa kwenye ndoo za maji mpaka mpini uvimbe na kushika chuma. Nikabisha kwamba kitakauka tena. "Na jembe halikauki?" alisema. "Mbona watu wanalima?" Akakitumbukiza kwenye sufuria, kikazama kama jiwe.

Jumamosi asubuhi kilikuwa kimenenepa kiasi cha kukataa tundu. Tukakipaka grisi, nikakigonga taratibu kwa nyundo iliyoviringishwa kitambaa, kikakaa. Mama akaondoka nami kwenye barabara ya vumbi nyuma ya nyumba. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikaingia. Akarudisha ya pili, akaingiza ya tatu tena, kisha tena.

"Hebu," alisema. "Hebu!"

Mjomba alifika akiwa na kanzu, mkono ameshaunyoosha kupokea ufunguo. Mama hakushuka garini.

"Inaingia," nikamwambia mjomba.

"Imebahatisha."

Kwa kweli, hata mimi sikuwa na hakika. Mara chache kwenye njia ya mtaani hazithibitishi kitu, nikamwambia mama hivyo.

"Basi tukathibitishe," alisema. "Mdogo wangu, panda nyuma. Mchele wa Bahi unatungoja."

Akapanda, nadhani kwa mshangao. Tulipopita nyumba za mwisho za mji, kichwa chake kilikuwa katikati yetu, macho kwenye mkono wa dada yake. Tukafika kwenye tuta, mama akapunguza, akavuka, gari likashika kasi tena.

"Sasa weka tatu, dada," mjomba akasema.

"Nimeshaweka," mama akajibu.