Siku Mama Aliporuka Kurudi

Nilipokuwa mtoto kule Usevya, ungeweza kuvunja chungu cha bibi ukasamehewa kabla jua halijazama. Lakini kumruka mtu miguu, thubutu! Ukimruka mtu aliyekaa au aliyelala, hakui tena, atabaki vile vile alivyo. Dawa yake ilikuwa moja, tena ya bure: rudi, umruke tena kuelekea kule ulikotoka. Mpaka leo, na mvi zangu hizi, mjukuu akiniruka namwambia arudi. Mnicheke tu.

Ndiyo maana Paskazia alipopooza miguu, watu hawakuuliza ni ugonjwa gani. Waliuliza ni nani. Paskazia alikuwa jirani yetu na rika langu. Alikuwa ameshaanza kutembea, akashikwa na homa, na homa ilipomwachia miguu ikawa imelegea, kisha ikakonda. Siku hizi watoto wanapewa matone ya polio. Wakati ule sisi tulikuwa na maelezo yetu: alipokuwa mchanga, amelazwa kwenye mkeka watu wakipepeta mpunga, mama mmoja alimruka akaenda zake bila kurudi. Na mama huyo, wakasema, ni Mama Leokadia. Leokadia ndiye mimi.

Mama alikana. Siku ya mpunga ule hakuwepo hata kijijini, alikuwa Majengo, Mpanda mjini, akimuuguza dada yake. Nani asikilize? Wengine walimshauri aende tu amruke mtoto kurudi, yaishe. Baba alikataa katakata. Alisema ukiruka umekubali, na ukishakubali jambo kama hilo huitwi tena mama fulani, unaitwa mchawi. Mama naye alikuwa na kichwa kigumu, ambacho nashukuru nimekirithi. Akasema haruki kitu. Miaka ikapita hivyo.

Tulipofika umri wa shule, habari za elimu kwa wote zilikuwa zimepamba moto, na darasa letu lilijaa mpaka wengine tukakalia matofali. Wengi walidhani Paskazia atabaki nyumbani kufukuza ndege kwenye mpunga. Bibi yake, Felista, ndiye aliyekuwa anamlea, na bibi yule hakuomba ushauri wa mtu. Alimfunga mgongoni kwa kitenge akamleta shule, akamfuata mchana, na kesho yake akafanya vile vile. Mtoto akazidi kuwa mzito na bibi akazidi kuinama, lakini hawakukosa siku.

Mwalimu wetu, mwalimu Veronika, mtu wa Tabora, hakuwa na maneno mengi. Alimwomba fundi seremala achonge kiti kifupi chenye egemeo, akakiweka mbele pembeni, mahali ambapo hakuna atakayelazimika kupita juu ya miguu ya Paskazia. Mwiko wetu hakuuamini, lakini aliuheshimu, nami namsifu kwa hilo hadi leo. Sisi tulipokwenda shamba la shule, Paskazia aliachiwa kengele. Ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, na mwalimu akaishusha mpaka mtoto aifikie akiwa amekaa. Aliigonga kwa maringo utadhani analipwa mshahara. Na kichwani, jamani, alikuwa moto! Hesabu za kichwa alijibu sisi bado tunahesabu vidole.

Halafu masika moja Bibi Felista aliteleza kwenye tuta la jaruba la mpunga akaumia nyonga. Kubeba kukaishia hapo. Njia ya shule ilikuwa tope tupu, baiskeli haipiti, na mwalimu Veronika mwenyewe alikuwa na mimba kubwa. Akatuomba sisi wanafunzi tupokezane kumbeba mwenzetu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kila mmoja alikuwa ameonywa kwao kwamba mtoto aliyerukwa na hajarudiwa, ukimbeba, kile kinachokausha miguu yake kitahamia kwenye yako.

Mwalimu akazunguka nyumba kwa nyumba na tumbo lake. Wazazi walimpa kiti, wakampa maji ya kunywa, wakakubaliana naye kwa kila neno, na asubuhi hakuna mtoto aliyetumwa. Paskazia akakaa nyumbani wiki, akakaa na nyingine. Bibi yake akaanza kusema basi, shule aliyosoma inamtosha.

Kwetu mwalimu alifika mwisho. Hakumwomba mama aruke. Alimwambia tu kwamba mtoto yule akipoteza muhula huu, harudi tena. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchagua. Mwalimu alipoondoka nilimsikia mama akisema na baba kwa sauti ya chini, kisha baba akatoka nje bila kofia yake, na jua lile.

Jumapili watu walipotoka misa walipita kwa Bibi Felista kumpa pole, uwanja wake ukajaa. Mama naye akaenda, amevaa kitenge chake kizuri, amenishika mkono kwa nguvu. Paskazia alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Watu walipomwona mama wakapunguza sauti. Akavua viatu. Hakumwomba ruhusa bibi, alimwomba mwenye miguu.

"Mwanangu, nikuruke?"

Paskazia alimtazama, akakubali kwa kichwa. Mama akakusanya kitenge chake mkononi, akaruka kutoka upande wa ukuta kuja upande wa uwanja, mbele ya kijiji kizima. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa khanga. Kisha mama akanigeukia.

"Haya, Leokadia. Mbebe."

Niliogopa, sitawaficha. Nilichuchumaa, akanishika shingo, nikasimama naye. Sikioni aliniambia nisimwangushe tu. Kesho yake nilimpeleka shule kwenye lile tope, na kila nilipokanyaga niliisikiliza miguu yangu. Mwalimu alipotuona mlangoni alitupa mgongo, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Siku zikapita, na watoto wote wakiichunguza miguu yangu, ambayo iliendelea kukimbia na kupanda mipera kama kawaida. Akajitokeza mwingine kumbeba, kisha mwingine, na haikuchukua muda wakawa wanagombea, maana Paskazia alimruhusu aliyembeba kugonga kengele. Mtoto mjanja yule.

Mama ndiye aliyelipa. Msimu ule wanawake wenzake hawakumwita kwenye kupandikiza mpunga, na alipopita njiani kuna waliowavuta watoto wao ndani. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Alipandikiza peke yake na sisi watoto, mpaka siku moja baba akaja, akakunja suruali, akaingia majini kando yake.

Miguu ya Paskazia haikunyooka. Wakasema mama alichelewa kurudi, na yeye akawaacha waseme. Paskazia alisoma akamaliza, akawa mwalimu wa hesabu, na akafundisha hadi kustaafu. Sasa anaishi Kashaulili, kule Mpanda mjini, na mama alipofariki alilia msibani kuliko sisi aliotuzaa. Mimi nimewahi kukaa kwenye vikao vingi vya wazazi, vinavyozungumzia namna ya kuwasaidia watoto kama yeye shuleni. Husemwa habari za viti na njia na vyoo, na yote ni kweli. Lakini mimi humfikiria mwanamke aliyekubali kuitwa mchawi ili mtoto wa jirani apate mgongo wa kumfikisha darasani.

Mama akiwa mzee nilimuuliza mara moja tu. Nilimwambia, hukuwepo siku ya mpunga, ulijua miguu ile haiponi kwa kurukwa, sasa uliruka ya nini?

Alinitazama kama anayemtazama mtoto asiyejua kuchagua mchele.

"Miguu yake haikuwa inaningoja mimi," alisema. "Mliokuwa mnaningoja ni nyie. Na nyie mlitembea."