Mapafu ya Mpira

Katika miaka ile ya hamsini nilikabidhiwa wanafunzi sita wa ukunga katika wodi ya uzazi hapa Kisangani, niwafundishe jinsi ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Nilikuwa muuguzi, jambo hilo nililisoma mwenyewe katika kitabu cha Kifaransa, kamusi ikiwa mkononi. Chombo cha mazoezi hakikuwepo. Basi nikashona mwanasesere wa kitambaa, nikamtilia mapafu ya mpira wa ndani wa baiskeli. Ukipuliza mdomoni mwake, kifua kiliinuka.

Mpira ulikuwa mgumu. Wanafunzi walipuliza mpaka macho yakawatoka. Aliyewashinda wote alikuwa binti wa wavuvi wa maporomoko ya mto. Wenzake walimtania, "Weye pulizia pirogi, ifike Yanonge bila kasia!" Nikamwandikia alama ya kwanza.

Asubuhi moja mwanamke alijifungua mtoto wa kiume, rangi ya majivu, amelegea. Tulimkausha, tukamsugua mgongo, nikamnyonya ute kooni kwa mrija. Kimya. Mama yake akainua kichwa: "Juu ya nini halii?"

Yule binti alikuwa karibu zaidi na kichwa cha mtoto. Akaweka kitambaa chepesi juu ya pua na mdomo wake, akavuta pumzi. Nikaona mabega yake yakipanda na kifua kikijaa, kama nilivyomfundisha, na hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Pumzi iliyotosha mpira wa baiskeli ingeyapasua mapafu ya mtoto huyu.

"Ngoja!" Nikamshika bega. "Toa pumzi yote nje. Ya mashavu tu, binti. Kama unapoza uji."

Alinikodolea macho, kisha akapuliza kidogo. Kifua, ambacho hakikuzidi upana wa kiganja changu, kikainuka. Tena. Tena. Nilihesabu kumi na saba. Ya kumi na nane mtoto alikunja uso, akakohoa, akalia kwa sauti ya kukwaruza, na wekundu ukaanza kumwenea kutoka kifuani. Mama yake alicheka na kulia kwa pamoja.

Baadaye, tukinawa mikono, nilimwambia yule binti kwamba kosa lilikuwa langu, si lake. Akajifuta mikono, akaniita mjomba kwa Kifaransa chake:

"Bon, tonton. Ile mutoto yako ya kitambaa iko na mapafu ya velo. Ngoja kesho."

Kesho yake alileta kibofu cha samaki mkubwa, kimesafishwa, chembamba hata kidole kilionekana upande wa pili. Nikakifunga kifuani mwa mwanasesere, nikajaribu kwanza mimi, kwa mazoea yangu ya zamani. Kikapasuka, paa! Wanafunzi walicheka mpaka sista wa wodi akachungulia mlangoni.

Yule binti hakushangaa. Katika kikapu chake alikuwa na vingine viwili.