Kijiko Kilichokataa Kukaa Kati ya Maji

Mimba ya kwanza ilimkalia vibaya mke wangu. Harufu ya samaki wa baharini ilimtapisha, na katika nyumba yetu ya kupanga Kariakoo, yenye jiko moja kwa wapangaji wote, huwezi kuikimbia. Alitaka samaki wa mtoni, mbichi, wa kwao Ruvu. Wale wa sokoni waliokaushwa kwa moshi aliwakataa. Alibaki macho na mifupa, nami nikaogopa kweli.

Jumapili nikapanda basi kwenda kwa wakwe. Fundi bati wa mtaani alikuwa amenikatia kijiko cha kulia, akauondoa mpini, akakitoboa na kukifunga ndoana kiwe chambo. Unakiburuta kwa mshipi nyuma ya mtumbwi, kinametameta, samaki anadhani ni kidagaa. Kazi nzima ni kina. Kikipanda juu mno, samaki hakifuati. Kikishuka mno, kinanasa kwenye mizizi. Sharti kikae kati ya maji, na hilo linamtegemea zaidi mpiga kasia.

Mpiga kasia wangu alikuwa baba mkwe.

Mzee yule alikuwa mtu wa watu. Kila mtumbwi tuliopishana nao, kila mama aliyefua ukingoni, alisimamisha kasia akaulizia wazima, wagonjwa, mbuzi na mihogo. Mtumbwi ukisimama, kijiko kinazama hadi matopeni. Akikumbuka kazi, anapiga kasia kwa fujo, kijiko kinarukaruka juu kama chura. Niliongeza kipande cha risasi kukitia uzito, kikazama upesi zaidi. Nikakitoa, kikaelea. Nilitamani kupiga kelele, lakini utamwamrishaje baba wa mkeo?

"Mwanangu, mbona mshipi wako unanasanasa?" akaniuliza.

"Bahati mbaya tu, baba."

Kumweleza haraka yangu nako kulikuwa kugumu. Mkwe mwanamume hamtajii baba mimba ya binti yake. Habari hizo hupelekwa na mashangazi, na wetu walikuwa bado wanajikokota. Nilimeza hasira.

Mwishowe nikashika njia yangu. Nikiona mtumbwi unakuja, nakusanya mshipi kabla mzee hajafungua mdomo; akianza tena kupiga kasia, naulegeza kidogo kidogo. Hapo kijiko kikakaa. Mshipi ukavutwa hata nusura niende nao. Alikuwa samaki mzito, mwenye meno kama ya mbwa. Nilicheka peke yangu.

Ukingoni mama mkwe alimpokea samaki kabla mtumbwi haujafungwa.

"Mkwe wetu katuvulia!"

Nikiwa bado natafuta neno la heshima la kumzuia, alikwisha kumpaa magamba. Akampika kwa nazi, akanitengea mkekani peke yangu, kichwa na minofu yote, kama mkwe anavyotengewa. Chakula cha ukweni hakirudishwi. Nilikula huku nikiusifu mchuzi. Nilipomaliza, basi la mwisho lilikuwa linapiga honi barabarani.

Nilifika Kariakoo nimenuna, nimewachukia wote, na adabu zao, na zangu. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani. Kabla sijaanza kueleza, alinishika mkono, akaunusa, na uso ukamchangamka namna ambayo sikuwa nimeiona kwa wiki nyingi.

"Umempata!" akasema. "Yuko wapi?"