Gong Shuisheng na Ufagio wa Mbwamwitu

Gong Shuisheng alikuwa mtu wa miraba minne, na kule Yiwu, wilaya ya bara mbali na bahari, watu walijua mambo mawili tu juu yake: ukubwa wa mwili wake na udogo wa moyo wake. Mabega yake yaliziba mlango. Mzigo wa miwa uliohitaji watu wawili aliubeba peke yake, tena akiongea njiani. Lakini mbwa akibweka nyuma ya ukuta, Shuisheng alivuka njia akapita upande wa pili. Mwaka ule wanaume wa kijiji chake walipopigana kwa marungu na watu wa wilaya jirani waliokuja kuchimba fedha kwenye kilima chao, yeye alikutwa amejificha ndani ya tanuri la kuchemshia sukari. Alitolewa mweusi kama chungu. Mkewe Qiaoyun alikisimulia kisa hicho hata mbele ya wageni, naye Shuisheng alicheka pamoja nao, maana hakuona la kukanusha.

Kisha dada yake akarudi kutoka pwani.

Xiuniang alikuwa ameolewa mbali, upande wa Taizhou, na mumewe alikuwa fundi wa nyavu. Alifika kwa miguu, peke yake, viatu vimekwisha. Alilala uani, kwa sababu hakuweza kukaa ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa. Siku moja, wakiwa wanamenya maharage, akaanza tu, bila kuulizwa.

"Mume wangu alitia komeo," alisema. "Akasimama nyuma ya mlango na mti wa kubebea mizigo, ameushika hivi, mbele ya kifua. Maharamia walipovunja mlango, yule wa kwanza aliinua upanga. Mrefu, Shuisheng, anaushika kwa mikono miwili. Ukapita kwenye mti, ukapita na kwake. Haukutoa sauti. Mimi nilidhani amekosa."

Shuisheng aliacha kumenya. Kuanzia siku hiyo kila alipokata muwa, panga likipita kwa urahisi, alisita kabla ya kukata mwingine.

Kwa hiyo maofisa walipofika sokoni kutafuta askari wa kupambana na maharamia wa pwani, wageni kutoka ng'ambo ya bahari, yeye aligeuka arudi nyumbani. Hakufika mbali. Mwili kama ule haujifichi kwenye umati. Ofisa mmoja alimwita, akamshika mkono, akamtazama viganja vilivyojaa sugu.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Miwa, bwana mkubwa." Sauti ilimtetemeka. "Bwana mkubwa, naomba niseme ukweli. Mimi ni mwoga. Muulize yeyote hapa."

Watu wakaangua kicheko. Ofisa naye akatabasamu.

"Jenerali wetu amekataa watu wa mjini wenye maneno mengi," alisema. "Ametaka wakulima wanaotetemeka mbele ya wakubwa. Wewe umemfaa kuliko hawa wanaocheka. Simama pale."

Kambini wenzake walipewa silaha zinazoeleweka. Wawili walipewa ngao, wengine mikuki mirefu, wengine uma za chuma. Shuisheng alipewa mwanzi. Ulikuwa mwanzi mzima, mrefu kama wanaume watatu waliopandiana mabegani, na matawi yake hayakukatwa. Yaliachwa yamechanua pande zote, mengine yamenyooka na mengine yamepindwa kwa moto kama ndoana, yamelowekwa mafuta hadi yakawa magumu, na vipande vya chuma vimefungwa humo ndani. Nchani palikuwa na mkuki mdogo. Askari waliuita ufagio wa mbwamwitu.

"Ndugu!" alipaza sauti mtu mmoja mwembamba kutoka nyuma. "Unakwenda vitani au unakwenda kuanika nguo?"

Huyo alikuwa Mao, mtoto wa sita kwao, na kila mtu alimwita Mao wa Sita. Alikuwa mchimba migodi, mdomo mchafu, mkono mwepesi. Ndiye aliyepangwa kusimama nyuma ya Shuisheng na mkuki.

"Sitaki kuua mtu," Shuisheng alimwambia siku ya kwanza.

"Nani kakuambia uue? Wewe shika mti wako. Kuua niachie mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kiongozi wao, Chen Deyou, aliyekuwa seremala kabla ya vita, aliwaeleza taratibu kama anayepima mbao. Upanga wa maharamia ulikata mkuki kama bua. Askari akishaona hivyo mara moja, miguu yake haimtii tena. Lakini matawi haya yalikuwa mengi. Upanga ukikata moja, la pili linaunasa, na la tatu linamchoma mshikaji usoni. Ufagio hauui haraka, wala haukimbii. Unamweka adui mbali, na wakati anahangaika na matawi, mkuki unapita kati yake.

"Kwa hiyo mimi ni ua wa miiba," alisema Shuisheng.

"Wewe ni ua," alikubali Chen. "Na sisi wote tumo ndani ya boma."

Halafu Chen aliwasomea sheria, na hapo hakuna aliyetania. Kiongozi wa kikosi akifa vitani na watu wake hawakuua adui hata mmoja, wale waliobaki wanakatwa vichwa. Wote. Shuisheng aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Usiku na mchana alimtazama Chen kama mama anavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea. Chen akikohoa, Shuisheng alimletea maji ya moto.

"Utamwoa?" Mao alimuuliza.

Walikutana na maharamia asubuhi moja ya mvua, kwenye majaruba ya mpunga karibu na bahari. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Walianza kusikia maharamia wakipuliza kome za baharini kama baragumu, sauti nene inayotoka mahali usipopaona, mara kulia, mara kushoto. Mvua ilikuwa imeyalowesha matawi na mwanzi ulikuwa mzito maradufu. Mikono ya Shuisheng ilitetemeka, na kwa kuwa mwanzi ulikuwa mrefu, mtetemeko wake ulisafiri hadi nchani, vipande vya chuma vikawa vinalialia mbele ya kikosi kizima.

"Nyamazisha njuga zako," Mao alinong'ona. Lakini sauti yake nayo haikuwa imara.

Tuta walilosimamia lilikuwa jembamba. Mpango wote wa kambini, huyu kulia na yule kushoto, haukuwa na nafasi pale. Mmoja wa wenye ngao alitangulia, Chen pembeni yake, halafu Shuisheng, halafu Mao. Wengine walikuwa nyuma, hawawezi kufika mbele bila kuingia kwenye tope hadi mapajani.

Maharamia walitoka kwenye ukungu bila kelele. Walipunga panga zao juu, zikazunguka na kung'aa, na macho ya kila mtu yakapanda nazo. Yule wa kwanza alijitupa chini ghafla akafyeka miguu. Mwenye ngao akaanguka majarubani akipiga mayowe. Chen alipiga hatua kuziba pengo, na upanga ukamwingia ubavuni. Aliketi kwenye tuta polepole, kama mtu aliyechoka.

Sasa hapakuwa na mtu mbele ya Shuisheng.

Alitaka kukimbia. Aliwaambia watu hivyo maisha yake yote, na hakuona haya. Lakini ili akimbie ilibidi autupe mwanzi, na akiutupa hakutabaki kitu kati yake na ule upanga. Basi aliukumbatia. Akausukuma mbele, akauchezesha kulia na kushoto, macho nusu yamefumba. Alisikia *tap, tap*, matawi yakikatwa. Kila tawi lililoanguka alilihisi viganjani, kama mtu anayevunjwa vidole kimoja baada ya kingine. Yule mwenye upanga alirudi nyuma akitokwa damu shavuni, na mwenzake akasukumwa mbele mahali pake.

Huyu wa pili hakujua kupigana. Aliingia kwenye matawi mzimamzima, upanga wake ukanasa, nguo zikanasa, na kila alipojitikisa ndoana zilimshika zaidi. Shuisheng alifumbua macho. Aliona kichwa kilichonyolewa utosi kwa mtindo wa maharamia, uso wa mtu wa umri wake, mvua ikimtiririka.

"Kaka," mtu yule alisema.

Alisema kwa lugha ya akina Shuisheng, kwa lafudhi ya pwani ileile alikoolewa Xiuniang.

"Kaka, mimi mtu wa Songmen. Nachemsha chumvi. Walinichukua wakaninyoa. Niachie, kaka, niachie."

Shuisheng alitaka kulegeza mikono. Lakini hakujua nani yuko nyuma ya yule mtu, na hofu ilikuwa imemkaza misuli, vidole havikufunguka. Alifungua kinywa kumwita Mao. Kabla neno halijatoka, mkuki ulipita karibu na sikio lake, akahisi upepo wake shavuni, ukaingia kati ya matawi.

Mwanzi uliinama kwa uzito wa yule mtu. Shuisheng aliendelea kuushika.

Haikuchukua muda kikosi kingine kilifika kutoka upande wa bahari, na maharamia waliobaki wakatawanyika kuelekea mashua zao. Ukungu ukainuka. Chen Deyou alikuwa bado ameketi pale kwenye tuta, kidevu kifuani. Alikuwa amekwisha kufa.

Ilikuwa lazima wapeleke kichwa cha yule aliyechomwa mkuki, kuonyesha kwamba wameua adui. Mao alikikata, akakiosha kwenye jaruba, kisha akasimama ghafla.

"Shuisheng. Njoo utazame."

Uso ulikuwa umeungua kwa jua, kahawia kama wa mchemsha chumvi yeyote. Lakini utosi, pale paliponyolewa, ulikuwa mweupe kama tofu. Nywele zilikuwa zimetolewa juzijuzi tu. Mtu yeyote mwenye macho angejua huyu hakuwa mharamia ila mateka. Na kuua mateka kulikuwa na adhabu yake, ileile ya upanga shingoni.

"Ulimsikia?" Shuisheng aliuliza. "Ulimsikia alivyosema?"

Mao aliinama. Alichota tope akalipaka juu ya utosi ule, akalisambaza kwa kiganja, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

Mchana ule walipiga magoti mstari mmoja mbele ya mkaguzi wa jeshi, mwili wa Chen umelazwa pembeni yao juu ya mkeka. Mvua ilikuwa imeanza tena. Shuisheng aliyaona matone yakidondoka juu ya kichwa kile, na tope likianza kuchuruzika. Mstari mwembamba mweupe ukatokea karibu na sikio. Hakuweza kuondoa macho pale. Meno yalimgongana hadi mwenzake wa kulia akamgusa kwa kiwiko.

Mkaguzi alikuwa mzee, amechoka. Aliinama. Alipitisha kidole gumba juu ya utosi, akakitazama kidole chake chenye tope, akatazama ule weupe uliobaki. Kisha aliutazama mwili wa Chen, na baada ya hapo akawatazama wao, mmoja baada ya mwingine, wakulima na wachimba migodi waliopiga magoti kwenye matope. Alipofika kwa Shuisheng alikawia.

"Nani alimkamata huyu?"

"Mimi, bwana mkubwa," Shuisheng alisema, na sauti haikutoka vizuri ikabidi arudie.

"Alisema chochote?"

Pembeni yake Mao aliacha kupumua.

"Hapana, bwana mkubwa."

Mkaguzi alifuta kidole kwenye joho lake. "Mharamia," alisema. "Wapeni hawa chakula."

Waliletewa wali na samaki wa chumvi. Mao alikula vyote. Shuisheng alimpa na chake.

Alikaa jeshini miaka kadhaa baada ya hapo, kwa sababu ufagio ulihitaji watu wakubwa na wakubwa walikuwa wachache. Alipigana tena, na kila mara aliogopa vilevile. Hakuna siku mikono ilitulia. Wapya walipowekwa nyuma yake aliwaambia neno moja tu: "Ukisikia mtu anaongea, nisubiri." Walidhani ni amri ya wakubwa, na baadhi walitii. Kikosi chake kilipopiga kambi karibu na Songmen, aliona moshi wa majiko ya chumvi na wanawake wakikoroga maji. Mmoja aliinua kichwa akamtazama mgeni huyu mkubwa aliyesimama njiani. Shuisheng aliondoka upesi. Hakuuliza jina la mtu yeyote, wala hakujua angeuliza jina gani.

Mao alikufa mwaka wa pili, kwa homa, si kwa upanga.

Shuisheng aliporudi nyumbani Qiaoyun alilia, akamcheka kwa jinsi alivyokonda, akachinja kuku. Aliyemweleza habari za yule mtu ni Xiuniang peke yake, asubuhi moja uani, wakati mkewe amekwenda kuteka maji. Alimweleza yote, pamoja na lile tope. Dada yake alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Xiuniang alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Walipokuwa wanatoka nyumbani kwangu, mmoja wao alibaki nyuma kidogo. Akaniambia, 'Pole, dada.' Kwa lugha yetu. Miaka yote hii nimemchukia yule kuliko aliyeshika upanga."

"Alikuwa amenyolewa?"

"Wote walikuwa wamenyolewa." Alikunja mikono ndani ya nguo. "Usiniulize zaidi, Shuisheng. Naogopa kukumbuka uso wake."

Hakumuuliza zaidi. Alirudi kwenye miwa, akazaa watoto, akazeeka. Wakati wa mavuno wafanyakazi wake walizoea tabia yake moja ambayo hakuieleza kwa mtu: walipotoka shambani wamebeba panga, mzee aliwasimamisha wote, akawapisha watangulie, akahakikisha hakuna aliyesalia mgongoni kwake, pale aliposimama Mao, ndipo naye akatembea.