Kireno cha Jumapili

Kila Jumapili alasiri, vyombo vikishaoshwa, Kocha alichukua simu yake, akaenda kukaa kwenye ngazi za uani na kuongea Kireno. Mumewe, fundi wa mafriji, alibaki sebuleni akijifanya anatazama mpira. Sauti ya televisheni aliipunguza kidogo kidogo hadi ikaisha kabisa. Hakuelewa hata neno moja la kule nje, ila kicheko alikielewa. Kilikuwa kicheko kirefu, cha kutoka tumboni, na katika miaka yote ya ndoa yeye hakuwahi kumchekesha mkewe namna ile.

Kabla ya kuolewa, Kocha alikuwa mtu wa mabegi. Alipata nafasi ya kusoma ualimu wa lugha ng'ambo, na alipohitimu hakurudi. Akawa anahama nchi hadi nchi, kila alikopata kazi: huku anafundisha Kifaransa, kule Kihispania, kwingine anajifunza Kireno. Kila mji mpya aliuzoea kwa kuukimbia alfajiri, na kila mji walitokea watu wa kumfuata nyuma. Ndivyo ukocha ulivyomwingia. Aliporudi nyumbani, mtu mzima tayari, aliajiriwa na shule ya sekondari, akaanzisha kikundi cha mbio kwenye uwanja wa nyuma ya madarasa. Walikuja wauguzi, makarani, mama muuza mboga, polisi mstaafu. Aliwahesabia hatua kwa lugha za watu, nao wakaitikia huku wanahema, hoi.

Fundi alimpata siku friji ya chumba cha walimu ilipogoma. Yeye safari yake ya mbali kuliko zote ilikuwa ya kufuata kompresa ya friji mji wa jirani, na alirudi siku hiyo hiyo.

Dada yake Fundi ndiye aliyemwaga petroli kwenye moto. Alikuja kutembea Jumapili moja, akasikiliza kicheko cha uani, akamgeukia ndugu yake.

"Mdogo wangu, wifi anaongea na nani?"

"Rafiki yake wa zamani. Walikuwa wanafundisha shule moja, huko huko ng'ambo."

"Mwanamume?"

"Ndiyo."

"Nani kakwambia ni rafiki tu?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi umepona," dada akasema, akaguna, akaendelea kunywa chai yake.

Tangu siku hiyo Fundi hakuwa na raha. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kumuuliza mkewe aliona haya, kunyamaza hakuwezi. Mwishowe akapiga moyo konde, akatafuta masomo ya Kireno kwenye simu, akaanza kujifunza kisirisiri karakanani, vipokea sauti masikioni na kichwa ndani ya friji za watu. Somo la mwili lilimchukua muda mrefu. Alirudia kichwa, bega, tumbo, goti, kichwa, bega, tumbo, goti, mpaka mteja mmoja akainama kuchungulia.

"Fundi, unaisomea dua?"

"Naisikiliza mashine, mama. Ina ugonjwa ndani."

Ikafika Jumapili ambayo Kocha hakucheka. Alikuwa akiongea polepole, kwa sauti ya chini, na kwa sababu ya upole huo Fundi akaanza kudaka maneno. Goti. Daktari. Goti tena. Naogopa. Kisha mume wangu, na baada yake hapana. Akainuka, akatoka uani miguu mitupu. Kocha alikuwa anajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Goti gani?" Fundi akauliza, kwa Kireno chake kibovu.

Kocha akaaga haraka, akakata simu. "Umejifunza lini wewe?"

"Nijibu kwanza."

"Langu. Linasagika. Daktari amenikataza kukimbia. Si kwa muda, mume wangu. Moja kwa moja."

"Na wa kwanza kuambiwa ni huyo?"

"Huyo liliharibika lake hivi hivi, akaacha mbio. Analijua."

"Mimi nalala nalo kitanda kimoja, silijui?"

"Wewe unamjua Kocha," mkewe akasema. "Hata humu ndani unaniita Kocha. Sasa Kocha aje akwambie anaogopa?"

Kama Fundi angesikia maneno ya mapenzi, angalau angejua amchukie nani. Hili lilimuuma vibaya zaidi: kumbe kicheko kilikuwa kitu kidogo, yule rafiki alipewa hata machozi. Alisimama pale akitamani kuivunja ile simu, na papo hapo akiona aibu kwa kutamani. Kisha akaingia jikoni, akarudi na barafu iliyofungwa kwenye taulo, akaketi ngazi ya chini na kuuegemeza mguu wa mkewe mapajani mwake.

Wiki hiyo Kocha aliwaambia wakimbiaji wake. Muuza mboga alilia, polisi mstaafu akajitia anafunga kamba za viatu. Sasa anawafundisha akiwa amekaa kwenye kiti cha darasani pembeni ya uwanja, na ukali wake umezidi. Simu za Jumapili zinaendelea. Fundi naye hukaa ngazini, amsalimie yule bwana, na vichekesho anavielewa wenzake wakishamaliza kucheka. Bado roho humuuma. Huwa anaondoka mara mbili tatu kwenda kunywa maji.

Halafu daktari akampeleka Kocha kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kubembeleza. Fundi alifunga karakana siku ya kwanza, na ya pili, akafunga na ya tatu.

"Mzee, kule nje kuna viti vizuri," kijana akamwambia, mikono iko kwenye goti.

"Hapa hapa panatosha," Fundi akasema, akasogeza kiti karibu.

Kocha akaangalia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko anachokizuia.